Mgongo wa Picha

Msimu wa mavuno, Kitale ni mji wa magunia. Malori hupanga foleni kwenye maghala ya nafaka, mahindi huanikwa kando ya barabara, na kila unayemsalimia anataka kujua gunia la kilo 90 linauzwaje huko utokako. Mimi sikuja kwa ajili ya mahindi. Nilikuwa namtafuta mzee mmoja anayetengeneza vibao vya kuchorea.

Kilichonileta kilikuwa kitu kidogo. Picha ya rangi za mafuta niliyoinunua miaka michache nyuma, milima ya Cherangani alfajiri, ilianza kubambuka kwenye kona ya chini. Kikadondoka kipande cha ukubwa wa ukucha, kikafuata kingine, hatimaye ukadondoka mlima mzima. Aliyeichora ni stadi, sina neno naye kwa upande wa rangi. Rangi yenyewe ilidondoka ikiwa nzima, imara, bado inang'aa, ikaacha nyuma ubao mtupu kana kwamba haijawahi kukaa pale. Rafiki yangu mmoja aliposikia akaniambia kwamba Kitale yuko mzee ambaye hakuuzii picha mpaka akuonyeshe mgongo wake kwanza. Nikapanda matatu.

Nilimkuta nyuma ya kibanda cha mabango, si mbali na stendi. Mabango ndiyo yanayomlisha: vinyozi, hoteli, zahanati, duka la dawa za mifugo. Picha zake mwenyewe huzichora jioni, na Jumapili baada ya ibada. Nilimwonyesha hasara yangu kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akacheka kidogo.

"Kijana, hii imechorwa juu ya utelezi. Aliyechora hakupiga msasa."

Picha yangu ilikuwa juu ya hadibodi, na hadibodi ina pande mbili zisizofanana. Ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa mvuke na joto hadi zikawa bamba. Mmarekani William Mason ndiye aliyegundua namna hiyo huko Mississippi mwaka 1924. Upande mmoja hutoka laini kabisa, wa pili huwa na alama za wavu. Afrika Mashariki tunaifahamu zaidi kwa dari za nyumba, na ni bodi za dari hizo alizozichukua Edward Saidi Tingatinga, kijana kutoka Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Picha zake nyingi ni za mraba, sentimita 60 kwa 60 hivi, na mwenye kutembelea maduka ya mbao hahitaji kuelezwa kwa nini: bodi nzima ni futi 8 kwa 4, ukiikata futi mbili mbili unapata vipande vinane bila kutupa hata kimoja. Tingatinga alitumia rangi ya kupakia baiskeli, nayo hushika karibu chochote. Rangi ya msanii, iliyosagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, ina masharti yake.

Masharti hayo mzee alinieleza huku mikono ikiendelea na kazi, kwa hiyo niliyapata kwa mpangilio wa kazi. Kipande kilichokatwa kwanza hupigwa msasa upande ule laini, kwa kuzungusha mkono, mpaka mng'ao uishe wote. Ukikiinua kuelekea dirishani na bado unaona mwanga unateleza mahali, unarudia hapo. Kisha hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kuondoa vumbi na mafuta ya vidole. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kugusa uso. Hushikwa kingoni tu. Alinikemea mara mbili.

Halafu gundi. Wachoraji wa kale wa Ulaya walichemsha ngozi za sungura wakapata gundi yao. Yeye hutumia gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi wa samani, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji. Huipaka mbele, huipaka nyuma, huipaka kwenye kingo zote nne. Nyuma kwa nini, wakati hakuna atakayepaona? Kwa sababu hadibodi hunywa unyevu wa hewa, na Kitale, iliyo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mvua huanza Machi au Aprili na haiondoki kikamilifu hadi Oktoba. Bodi iliyozibwa uso mmoja hunywa kwa uso wa pili, ikavimba huko na kubaki ilivyo huku, mwisho ikajikunja. Picha haina la kufanya ila kupasuka.

Gundi ikikauka huja jeso, lile tabaka jeupe ambalo rangi yenyewe italishika. Ya kopo kutoka Nairobi ni nzuri, bei yake si ya mchora mabango. Mzee hujitengenezea: unga wa chaki uliochekechwa kwa kitambaa, gundi ile ile, maji, na rangi nyeupe ya ukutani ya maji ili weupe usafike. Nikamuuliza juu ya chokaa, maana chokaa ni rahisi na imejaa kila duka la vifaa vya ujenzi. Akatikisa kichwa. Chokaa ni kali, inageuza mafuta yaliyomo ndani ya rangi kuwa sabuni. Hakutumia maneno ya kikemia lakini ndivyo ilivyo: sabuni nayo hutengenezwa kwa kukutanisha mafuta na magadi. Kuhusu rangi ya ukutani yenyewe hana uadui nayo, mradi isiwe ya kung'aa na isiwe peke yake. Ina unga mwingi na gundi kidogo, ndiyo maana ya bei nafuu hukuachia weupe begani ukiegemea ukuta.

Tabaka la kwanza hupakwa kwa kwenda juu na chini, la pili kushoto na kulia, la tatu juu na chini tena. Kati ya moja na jingine ni usiku mmoja na msasa mwembamba. Akiona limetosha hulipapasa kwa kiganja, macho yakiwa kwingine. Nilipapasa na mimi. Uso ulikuwa mkavu, una ukwaruzo mdogo sana, ule ambao brashi hukamata bila kukwama.

Vibao vikubwa kuliko futi mbili huvigongea mgongoni fremu ya saiprasi visipinde. Hapo ndipo mazungumzo yalipohamia mbao, na Kitale huwezi kuzungumza mbao kwa ufupi. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, alisema, mbao nyingi zilizofika sokoni zilitoka mashambani kwa watu, miti michanga, imepasuliwa leo na kuuzwa kesho ikiwa bado inatoa maji. Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023. Mbao mbichi hazijatoweka. Yeye hununua mbao miezi kadhaa kabla ya kuzihitaji, akazipanga chini ya paa na vijiti katikati ili hewa ipite, na fundo lenye utomvu hulizuia kwa vanishi ya shelaki kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo siku moja litajichora lenyewe katikati ya anga la buluu.

Mchana nilipita Makumbusho ya Kitale, kwa sababu ya miti zaidi ya vitu vilivyo ndani. Chanzo chake ni mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi mpenda wadudu na vitabu, aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926 na kufariki 1966. Jengo la sasa lilifunguliwa 1974, la kwanza la aina yake nje ya Nairobi na pwani. Nyuma kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembea. Pana utulivu na nyani wasio na adabu. Nilisimama chini ya mti mmoja mkubwa nikijiuliza kama mbao ya jamii yake, ngumu na nzuri, isingekuwa bora kuliko hadibodi. Nilipomrudishia mzee swali hilo alinijibu kwamba mbao ngumu ni ya sakafu na milango. Mbao nzima, iwe ngumu au laini, hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kila msimu, na picha iliyo juu yake lazima ifuate. Mona Lisa imechorwa juu ya ubao mmoja wa mti wa popla. Ubao umejikunja na una ufa kuanzia ukingo wa juu, pamoja na ulinzi wote wa Paris. Wachoraji wa Ethiopia wa karne ya 15 nao walichora picha zao takatifu juu ya mbao zilizopakwa jeso, na nyingi zimetufikia zikiwa na makovu. Hadibodi haina upande wa nyuzi. Ni kitu cha kiwandani, hakina fahari, na kwa picha ndogo sijaona cha kukishinda kwa bei yake.

Miezi kadhaa baadaye nilishika barabara ya kwenda Bungoma, nayo hushuka. Kiminini, Kamukuywa, kisha Webuye, ambako kwa miaka mingi abiria walifunga madirisha kwa sababu ya harufu ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009; miaka saba baadaye kikaingia mikononi mwa kundi la Rai. Kilima cha Chetambe kinakitazama kutoka juu. Baada ya hapo ni miwa, Nzoia, trekta lenye matela likiziba njia, na tayari umeshuka karibu mita 500 tangu Kitale na umevua sweta.

Bungoma nilielekezwa kwa mchoraji kijana, mwanamke, aliyepanga chumba upande wa Kanduyi. Yeye hataki vibao. Vibao ni vizito, anasema, na mteja wake mara nyingi husafiri kwa basi. Kitambaa hukiondoa kwenye fremu, hukikunja rangi ikitazama nje, kikasafiri ndani ya bomba la plastiki la maji. Ni hoja nzuri. Ila kitambaa kina usumbufu wake, na mwingi huanzia dukani.

Turubai linalouzwa kando ya barabara siku hizi ni plastiki, halifai kabisa. Magunia ya sukari na mahindi nayo ni plastiki iliyofumwa. Miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi walikuwa na bahati zaidi: unga ulikuja kwenye magunia ya pamba, nao waliyafumua na kuyapaka msingi. Tshibumba Kanda Matulu alichora juu ya kitambaa cha aina hiyo historia nzima ya nchi yake, picha zipatazo 100, kisha akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha kwao huku mwanaanthropolojia Johannes Fabian akirekodi. Msanii wa Bungoma leo hana gunia la pamba. Anacho kitambaa cha amerikani, kile cheupe cha kijivujivu kisichopaushwa ambacho mafundi wa cherehani hukitumia kwa bitana. Ukoo wake ni mrefu huku kwetu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walianza kukishusha Unguja kwa wingi miaka ya 1830, na misafara ikakipeleka bara kama fedha.

Huyu dada hukichagua kwa kukiinua kwenye mwanga. Akiona matundu mengi hakinunui. Kikishachaguliwa hufuliwa kwa maji ya moto, kisinyae kabisa kabla ya kazi badala ya baada yake, kisha hupigwa pasi. Fremu yake ni mbao nne zilizochongwa kwa randa upande wa ndani, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake. Bila hivyo mstari wa mbao hujitokeza katikati ya picha. Huanza kupiga pini katikati ya upande mmoja, halafu katikati ya upande unaoutazama, akivuta, kisha pande mbili nyingine. Kutoka katikati huelekea kwenye kona polepole, pini moja huku, moja kule. Anayeanzia kwenye kona hupata mikunjo isiyotoka tena. Gundi ikipakwa na kukauka kitambaa hujikaza zaidi. Alikigonga kwa kidole, kikalia.

Gundi kwenye pamba ina kazi nyingine isiyokuwepo kwenye hadibodi, nayo wachoraji wengi wa mabango hawaijui. Mafuta ya kitani hukauka kwa kunywa oksijeni ya hewa, na katika kukauka huko huwa na asidi. Yakigusa pamba moja kwa moja, huila. Kwa macho huoni kitu kwa miaka, halafu kitambaa kinageuka kahawia na kukatika ukikikunja. Gundi husimama katikati ya mafuta na pamba. Na jeso la kitambaa lazima liweze kupinda: mchanganyiko wa chaki wa mzee wa Kitale, ambao kwenye bodi ni mzuri, kwenye kitambaa hupasuka. Huyu dada hununua jeso la akriliki, lile lililoanza kutengenezwa Marekani miaka ya 1950, kopo dogo, na kulipaka jembamba.

Kinachoniudhi ni hiki. Malakisi, ndani ya kaunti hii hii, kuna kiwanda cha kuchambua pamba, na wazee huko wanakumbuka pamba ilipokuwa zao la karo. Eldoret kuna Rivatex, iliyoanzishwa 1976, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007 na kuzinduliwa upya 2019. Shamba, kiwanda cha kuchambua, kiwanda cha kufuma, vyote viko kanda moja. Bado sikukuta Bungoma hata mita moja ya turubai zito la msanii lililofumwa Kenya. Yaliyopo dukani ni yale yaliyokwisha kuvutwa kwenye fremu, yamefungwa kwa nailoni, yametoka mbali. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba, alama ikabaki.

Ukutani kwake palining'inia pia kipande cha lubugo, kitambaa cha gome kilichovuka mpaka kutoka Uganda. Gome la mti wa mutuba huvuliwa, hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka likatandazika, likaanikwa juani na kugeuka rangi ya matofali. Shina hufungwa majani ya mgomba, likavaa gome jipya. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984, ndiye aliyeufanya ulimwengu wa sanaa uutazame kwa jicho jingine, kwa kuchora rangi za mafuta juu ya lubugo na kuacha matundu na mishono yake ionekane ndani ya picha. Huyu dada alijaribu. Kipande kilimnywea gundi nusu kopo, akakiacha kilivyo, kinapendeza. Nadhani alifanya vyema. Lubugo humtaka mtu aliyekwisha kujua uso wa kawaida unavyotii, ndipo ashindane na uso usiotii.

Nilipomwambia nimeona jeso likipakwa tabaka tatu Kitale, akasema bibi yake hupaka vizuri zaidi, na hajawahi kushika brashi. Tukachukua bodaboda hadi kijijini, upande wa Chwele. "Mulembe," tukaitikiwa mlangoni. Ilikuwa kabla ya Agosti ya mwaka wa namba shufwa, yaani msimu ambao Wabukusu huwapeleka vijana wao tohara, na wageni wakija nyumba haiwezi kubaki na kuta chakavu. Kukhu, yaani bibi yake, alikuwa anasiriba.

Ukuta wa fito ulishakandikwa zamani kwa udongo mzito wenye nyasi zilizokatwakatwa. Juu yake alikuwa akipaka tabaka la pili: udongo wa kichuguu uliochekechwa, kinyesi cha ng'ombe, majivu, maji, vimeachwa vikalala kwanza. Kabla ya kupaka alifagia ukuta, kisha akaurushia maji kwa kiganja. Mjukuu wake akamwomba aniambie kwa nini anafagia.

"Ukipaka juu ya vumbi, mwanangu, umepaka vumbi," akasema, akaendelea.

Mwitaliano Cennino Cennini, kwenye kitabu chake cha ufundi cha takriban mwaka 1400, anaagiza kibao kipakwe kwanza jeso nene, halafu jeso laini lililolazwa majini na kukorogwa kila siku kwa mwezi mzima, tabaka angalau nane. Nene chini, laini juu, kila moja likingojea jingine, kama kuta za Chwele. Kukhu alipomaliza kipande chake alikisugua kwa jiwe laini, na ndipo akachukua udongo mweupe na mwekundu kuchora mapambo kuzunguka mlango. Mapambo yalimchukua muda mfupi sana.

Kwa hiyo, ukiwa unaanza kuchora kwa mafuta na uko Kitale, Bungoma au popote ambapo jeso la kopo ni anasa, nunua bodi moja ya hadibodi, ikate vipande vinane, na uvitayarishe vyote kwa pamoja kati ya Desemba na Februari, wakati hewa ni kavu. Kitambaa kitakusubiri mwaka ujao. Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, igeuze picha. Ukikuta mgongo wa bodi ni mtupu, haujaguswa na gundi, mwombe msanii aupake na urudi kesho kuichukua. Gundi ya kazi hiyo haizidi bei ya soda, na asipokubali, nenda kwa jirani yake.